Nauli ya Usaili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaosafiri Kutoka Magharibi mwa Kenya Kutafuta Kazi ya Serikali

Ninaishi Luanda, kaunti ya Vihiga, hatua chache kutoka barabara ya Kisumu kwenda Busia. Nimesafiri hadi Nairobi mara nne kwa ajili ya usaili wa kazi za serikali, na kila shilingi iliyonitoka niliiandika kwenye daftari ambalo bado ninalo. Vijana wa hapa kwetu waliposikia habari za daftari hilo walianza kuja kuniuliza: nauli ni ngapi, nitalala wapi, nibebe karatasi gani, na je, niende kweli? Baadaye maswali yakaanza kutoka Bungoma, Siaya, Kisumu na hata Nakuru. Nimeyakusanya hapa. Bei nilizotaja ni zile nilizolipa mimi. Nauli hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza stegi kabla hujapanga safari yako.

Safari moja ya usaili Nairobi hugharimu pesa ngapi?

Watu wengi wakiulizwa hili hutaja nauli ya basi peke yake, halafu wanashangaa pesa zimeishia wapi. Huu hapa ukurasa wa safari yangu ya pili, kama ulivyo.

Boda kutoka nyumbani hadi stegi ya Luanda, kwenda na kurudi, shilingi 200. Basi la usiku, kwenda na kurudi, 2,600. Chakula cha siku mbili 600, na hapo nilikuwa nimebeba viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Matatu na boda za Nairobi, 300. Saiba, yaani kuchapisha barua, fotokopi na bahasha, 250. Bando na muda wa maongezi, 150. Sukari, mkate na maziwa ya kumpelekea mwenyeji wangu, 400, kwa maana kwetu mtu haingii nyumba ya watu mikono mitupu. Hizo ni 4,500. Wakati huo nilikuwa nimeandikwa kwenye duka la M-Pesa kwa 500 kwa siku, na siku mbili nilizokosa sikulipwa. Jumla ikawa 5,500. Mbele ya jopo nilikaa dakika ishirini hivi.

Kwenye benchi la kungojea nilikaa na msichana aliyetoka Kangemi, hapo hapo Nairobi. Yeye alikuwa amelala kitandani kwake, akaoga maji moto, akapanda matatu. Kwenda na kurudi hakumaliza shilingi mia mbili. Alikuwa mtu mwema. Sketi yangu ilipofunguka zipu ndiye aliyenipa pini. Sina lalamiko naye hata kidogo. Lakini tuliitwa kwenye ushindani mmoja, na mimi nilikuwa nimelipa zaidi ya mara ishirini na tano ya alicholipa yeye kabla hatujaulizwa swali la kwanza.

Je, nauli hurudishwa?

Mimi sijawahi kurudishiwa hata shilingi. Tangazo lisiposema lolote kuhusu nauli, hesabu kwamba inatoka mfukoni mwako.

Dada, sasa hiyo kweli ni haki?

Hapana, na nitasema kwa nini.

Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili, na kinataka pia jamii zote za Kenya ziwakilishwe humo. Ukisoma maneno hayo ukiwa Nairobi yanatosha. Ukiyasoma ukiwa Port Victoria au Mlima Elgon, unaona kwamba pana mlango wa kwanza ambao Katiba haikuutaja: nauli. Nawajua vijana watatu wenye digrii waliojiondoa wenyewe kwa kunyamaza tu. Waliitwa, wakakosa pesa ya basi, wakaandikwa kwamba hawakufika. Katika karatasi za ofisi huyo ni mtu asiyeitaka kazi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba dawa yake si ngumu. Jeshi na polisi wanapoajiri huja na mizani na vipimo vyao hadi viwanja vya huku kwetu. Ikiwa afisa wa jeshi anaweza kuja kumpima kijana kifua uwanjani, mtihani wa maandishi wa karani unaweza kufanyiwa katika ukumbi wa Kakamega au Kisumu, chini ya msimamizi, siku moja na ule wa Nairobi. Tangu korona ya 2020 tumeona pia usaili ukifanywa kwa video. Kituo cha Huduma cha serikali kilicho karibu nawe kina umeme na intaneti. Ninapopata nafasi ya kutoa maoni kwa ofisi yoyote ya umma huwa naandika hilo kwanza, na nakuomba nawe uandike.

Natoka Nakuru. Ninahitaji kulala Nairobi?

Kwa usaili wa saa tatu asubuhi, si lazima. Ni kama kilomita 160, na matatu huanza kuondoka kabla ya alfajiri. Ondoka saa kumi. Lakini epuka kusafiri Jumapili jioni au siku za kufunga na kufungua shule, kwa sababu foleni ya Gilgil na Naivasha inaweza kukulaza barabarani. Usaili ukiwa Jumatatu asubuhi, heri usafiri Jumamosi kama una mtu wa kukupokea.

Natoka Kisumu au mbele zaidi. Nipande gari la usiku au la mchana?

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350. Ukitoka Kakamega au Busia ongeza. Basi la usiku huokoa pesa ya kulala, na ndiyo sababu wengi wetu hulichagua. Unaondoka saa mbili au saa tatu usiku, unapita Ahero, Kericho, Mau Summit, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi uko Nairobi. Mfukoni umeshinda. Mwilini umeshindwa. Safari yangu ya kwanza nilifanya hivyo, nikaingia mbele ya jopo macho mekundu, na nilipoulizwa majukumu ya Bunge la Kitaifa na ya Seneti nilichanganya mawili ambayo kabla ya safari nilikuwa nikimfundisha binamu yangu.

Kwa hiyo ninachoshauri ni hiki. Usaili ukiwa asubuhi, safiri mchana wa siku iliyotangulia, ulale kwa mtu, hata kama ni kwenye mkeka. Usaili ukiwa saa nane mchana, basi la usiku linafaa, mradi upate mahali pa kunawa na kujinyoosha saa mbili tatu. Ukishuka usiku usitoke nje ya ofisi ya basi. Ngoja kukuche, wenzako wengi watakuwa wamekaa hapo hapo na mizigo yao.

Mambo madogo yanayookoa pesa: magari mengi ya kutoka Nakuru hupita Kangemi na Westlands kabla ya kufika mjini. Kama mwenyeji wako yuko Kangemi, Kawangware au Kabete, mwambie makanga mapema akushushe huko. Ukipelekwa hadi mjini utalipa tena kurudi nyuma. Beba sweta hata kama Kisumu ni jua kali, kwani baridi ya Mau Summit na Limuru haina huruma, na Julai Nairobi yenyewe ni baridi. Nguo ya usaili usiisafirie ukiwa umeivaa. Ikunje ndani ya khanga, uivae ukifika.

Treni ya Kisumu ilirudi Desemba 2021 baada ya miaka mingi, na imekuwa ikienda mara moja kwa wiki. Ni ya bei nafuu kuliko basi. Uliza stesheni kama inatembea wiki yako, na usiipangie usaili wa asubuhi siku ile inayofika.

Sina jamaa Nairobi. Nitalala wapi?

Fikiria tena kabla ya kusema huna. Mtu wa Magharibi asiye na mtu Kawangware, Kibera, Kayole au Pipeline ni nadra. Uliza kanisani, uliza mwalimu wako wa zamani, uliza chama cha mama yako. Mimi safari ya tatu nililala kwa shemeji ya jirani yetu ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Alinipisha kitanda chake akalala na watoto sebuleni.

Ukifika kwa mtu, kumbuka kwamba naye anapima unga. Chumba kimoja cha Pipeline kinapopokea mgeni, maji ya mitungi huisha upesi na mtu mmoja hulala sakafuni. Gharama hiyo haimo kwenye daftari langu, na ilipaswa kuwemo.

Usipopata kabisa, tafuta chumba cha kulala wageni kinachosimamiwa na kanisa au shirika la dini, na uweke nafasi kwa simu kabla ya kusafiri. Vyumba vya bei ya chini karibu na stendi za mabasi sivipendekezi, hasa kwa msichana aliyebeba vyeti asilia.

Nibebe vyeti gani, na je, nilipie vibali vyote mapema?

Beba kitambulisho asilia, vyeti vya masomo na vya taaluma pamoja na hati za alama, vyote asilia, na nakala zake. Fotokopi zipigwe nyumbani. Karibu na ofisi za serikali mjini utalipa zaidi kwa karatasi ileile.

Kuhusu vibali, hapa ndipo watu wengi humwaga pesa bure. Nazungumzia cheti cha maadili mema cha polisi, kibali cha kodi cha KRA, kile cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cha EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na cha shirika la kukagua mikopo, yaani CRB. Vijana huambiwa wavitafute vyote kabla hata ya kuomba kazi. Vingine hulipiwa, na cheti cha polisi kikikaa muda mrefu huhesabiwa kimezeeka, ulipe upya. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kibali isipokuwa anakusudia kuandikiana nawe mkataba. Maana yake, vibali huja mwisho, baada ya kuchaguliwa. Soma tangazo kwa makini. Likisema vibali vitahitajika kwa atakayefaulu, tuliza pesa zako.

Wakati wake ukifika, usipande basi hadi makao makuu ya upelelezi, Kiambu Road Nairobi, kwa ajili ya alama za vidole za cheti cha polisi. Lipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha nenda Kituo cha Huduma cha Kisumu, Kakamega au Nakuru. Nimeona watu wakirudishwa kwa sababu fomu ilichapishwa kwenye karatasi mbili. Fomu ya EACC na kibali cha KRA havina malipo. Mwenye saiba atakudai tu kazi ya mikono yake.

Cheti changu cha kidato cha nne kimeshikwa shuleni kwa sababu ya karo. Nifanyeje?

Usingoje hadi uitwe. Wizara ya Elimu imewaagiza wakuu wa shule zaidi ya mara moja waachilie vyeti hivyo. Nenda na mzazi, ongea na mwalimu mkuu kwa heshima, umwombe akujibu kwa maandishi. Akikataa, peleka barua hiyo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Jirani yangu alipata chake kwa njia hii baada ya miaka sita, na ilimgharimu boda za shilingi 300 tu. Miaka sita hiyo alikuwa akiona aibu ya kurudi shuleni.

Mama ameuza mbuzi ili nisafiri. Nikikosa kazi nitamwambia nini?

Swali hili nililetewa na kijana wa Khwisero, na nilinyamaza kwanza, kwa sababu mama yangu naye aliwahi kuuza gunia la mahindi kabla bei haijapanda, ili mimi nipate nauli. Angengoja miezi mitatu angepata karibu maradufu.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba mazungumzo na mama yafanyike kabla ya safari. Ukirudi mikono mitupu ndipo uanze kueleza, umechelewa. Keti naye umwonyeshe orodha. Mimi huhesabu majina: tume ya utumishi wa umma hutangaza orodha ya walioitwa kwenye tovuti yake, pamoja na siku na saa. Kama nafasi ni mbili na majina ni thelathini, mwonyeshe mama hiyo thelathini. Wazazi wetu wengi husikia neno "umeitwa" wakadhani kazi imepatikana, mahari ianze kupangwa. Akijua kwamba wanakwenda thelathini na wanarudi na kazi wawili, atatoa mbuzi wake akijua anachofanya, au atakataa, na akikataa pia ana haki. Mali ni yake.

Ukirudi bila kazi, mwambie siku hiyo hiyo. Usikae Nairobi wiki mbili kwa sababu ya haya. Kila siku unayojificha kwa watu, kuna mtu anayekulisha.

Na uandike deni hilo. Hata kama mama atasema si deni.

Nikope kwenye simu?

Kwa safari ya usaili, singekushauri. Nimekuwa upande wa pili wa kaunta ya M-Pesa nikiona jinsi inavyokwenda. Mtu anachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, apate nauli, ada inahesabiwa kila siku, hana kipato, basi anachukua mkopo wa programu nyingine alipe ule wa kwanza. Miezi miwili baadaye jina lake liko kwa mashirika ya kukagua mikopo, na ile kazi aliyoikopea inataka kibali cha CRB. Nimeona hilo likimtokea mtu mzima mwenye akili zake, hapa Luanda.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ina riba ndogo, asilimia 8 kwa mwaka, lakini muda wa kulipa mkopo wa mtu binafsi ni siku 14, na siku 14 baada ya usaili hujasikia hata matokeo. Chama cha akina mama au cha vijana ni bora mara nyingi. Watakupa muda, na watakuombea. Wenzetu wachache tulianza kuweka shilingi 50 kwa wiki, na yeyote anayeitwa kwenye usaili hupewa nauli ya kwenda. Ya kurudi anajitafutia.

Nina mtoto wa miezi minne anayenyonya. Niende naye?

Nenda, na uende na mtu. Nauli itaongezeka mara mbili, najua. Dada yangu aliitwa mtoto akiwa na miezi mitano, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulipanda gari la mchana, tukalala Kangemi, na asubuhi nilikaa nje ya lango na mtoto chini ya mti huku yeye akiwa ndani kwenye foleni. Alikuwa wa kumi na tisa. Saa tano mtoto alilia kwa njaa na mlinzi hakuniruhusu kuingia. Dada alitoka, akanyonyesha amesimama, akarudi akakuta jina lake limepitwa. Akangoja hadi saa kumi.

Tulichojifunza: piga simu au andika barua pepe ofisi ile siku kadhaa kabla, sema wazi una mtoto anyonyaye, omba uitwe mapema. Ukifika, mwambie karani wa mapokezi tena. Wengi ni waungwana wakielezwa. Tatizo letu ni kwamba tunaona haya kusema. Jopo halipaswi kukuhukumu kwa kuwa mama. Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito na ya jinsia.

Sioni vizuri na ninahitaji mtu wa kuniongoza. Nani anamlipia?

Kwa sasa, wewe. Nauli mbili, chakula cha watu wawili. Matangazo karibu yote husema watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na Katiba inataka angalau asilimia tano ya nafasi hatua kwa hatua ziwe zao. Kwa hiyo jibu mwaliko kwa maandishi, eleza mahitaji yako, na uombe ama usaili wa video ama ufanyiwe karibu na kwenu. Wakikataa, hifadhi jibu lao.

Nataka kujiunga na jeshi au polisi. Huko si wanakuja wenyewe?

Ndiyo, na kwa upande huo wametuonyesha njia. Lakini nafasi hugawanywa kwa kaunti, kwa hiyo vijana wetu wanaofanya vibarua Nairobi hulazimika kupanda basi kurudi nyumbani kwa siku moja. Kabla ya kupanda, nenda zahanati upimwe. Matangazo ya jeshi yamekuwa yakitaka urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.5 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Nimeona kijana akitoka Athi River hadi Mumias akaondolewa dakika tano za kwanza kwa sentimita mbili, jambo ambalo lingejulikana bure kwa kusimama ukutani.

Mtu ameniambia nitume pesa kidogo jina langu lisukumwe. Nitume?

Usitume. Kuajiriwa hakuna malipo, si kwa jeshi, si kwa polisi, si kwa tume yoyote. Kila mwaka wazazi huuza shamba, mtoto anafika lango la chuo cha jeshi Eldoret na barua bandia, na badala ya kupewa magwanda anakamatwa. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa sawa na anayepokea. Hifadhi ujumbe na namba yake, upige 1551 ya EACC bila malipo, au uende ofisini kwao Kisumu au Bungoma.

Anayekuambia pesa ni ya "faili" au "chai ya bosi" anasema jambo lile lile kwa jina jingine.

Nimefika Nairobi nikaambiwa usaili umeahirishwa. Naweza kudai nini?

Yalinipata safari ya tatu. Tulikuwa zaidi ya arobaini langoni, wengine kutoka Turkana, na karatasi moja ilikuwa imebandikwa ukutani: tutawajulisha. Hakuna aliyetoka kuzungumza nasi. Ofisi ile siitaji, maana sasa ina watu wengine. Shilingi 5,500 zikaenda, na tarehe mpya ilipotoka nililazimika kwenda tena. Hiyo ndiyo safari yangu ya nne.

Pesa, kwa uzoefu wangu, hutadai ukapata. Hata mwaka 2014, Mahakama Kuu ilipofuta uajiri wa polisi 10,000 kwa sababu ya ufisadi na kasoro nyingine, baada ya mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, kwenda kortini, sikusikia kwetu kijana aliyerudishiwa nauli. Unachoweza kudai ni maelezo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza kwa maandishi kwa nini usaili uliahirishwa na lini utafanywa. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina tawi Kisumu.

Na siku moja kabla ya kusafiri, piga simu. Angalia tovuti yao pia jioni hiyo. Simu ya shilingi kumi ingeniokolea mimi gunia la mahindi.

Nitajuaje kama safari hii inafaa?

Mimi hujiuliza mambo mawili. Je, sifa zote za lazima ninazo, bila kujidanganya? Na je, nikikosa, nyumbani kutakuwa na chakula mwezi huu? Moja likiwa hapana, siendi. Nilikataa kwenda mara mbili, na mara zote mbili nililia, kisha nikafungua duka asubuhi.

Msemo wa kwamba kila kazi ina mwenyewe siukubali wote. Upendeleo upo, nimeuona. Lakini nimeona pia mtoto wa mama mboga wa hapa sokoni akiajiriwa bila kumjua mtu. Usiache kwenda kwa sababu ya maneno ya stegi. Acha kwa sababu hesabu yako mwenyewe imekataa.

Kazi za kaunti je?

Hizi watu wetu huzidharau, na ni kosa. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti husaili makao makuu ya kaunti, kwa hiyo nauli ni ya matatu moja au mbili. Wengi hufikiri kaunti jirani haiwezi kuwachukua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii yenye watu wengi katika kaunti hiyo. Mluhya aombe Kisumu, Mjaluo aombe Kakamega, Mteso wa Amagoro aombe Bungoma, na wa Nakuru aombe Kericho. Barua yako iwe safi, ukumbuke kutaja kaunti yako ya nyumbani pale fomu inapouliza.

Na wewe, dada, uliipata kazi?

Niliipata safari ya tano, ambayo haikuwa ya Nairobi. Safari nne za kwanza zilinila shilingi 22,000 kwa hesabu ya daftari. Ya tano ilikuwa kwa bodi ya kaunti jirani. Boda ilikuwa 100, matatu kupitia Majengo na Chavakali kwenda na kurudi 400, fotokopi 100, chai na mandazi 80. Jumla 680, na saa tisa nilikuwa nimerudi dukani, tajiri akanilipa nusu siku.

Barua ilikuja baada ya wiki kumi na moja. Mshahara wa kwanza nilinunua gunia la mahindi, nikamwekea mama jikoni. Alilitazama, akauliza nimelinunua bei gani, kisha akaniambia ningengoja mavuno.